Chaque ya Jumanne kwa Melchora

Ujumbe wa kwanza uliingia Jumanne moja ya mwezi Agosti, saa saba na nusu mchana, wakati Delfina Carpio amesimama jikoni kwake anamenya kitunguu. Simu ilitetemeka juu ya meza. Mtu asiyemjua alikuwa ameandika chini ya video ya siku hiyo: "Tumetoka kula kwa Melchora sasa hivi. Chaque tamu kuliko ulivyosema. Mwenyewe anakusalimu, anauliza utafika lini."

Delfina aliusoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akausoma tena amekaa. Melchora Benavente alizikwa miaka tisa iliyopita. Mkahawa wake wa Tiabaya ulikuwa umefungwa hata kabla ya hapo. Na siku hiyo ilikuwa Jumanne, na katika Arequipa nzima hakuna mpishi anayejiheshimu atakayepakua chaque siku ya Jumanne.

Kwenye mikahawa ya mchana ya Arequipa, ile ya moshi wa kuni na meza ndefu ambayo wenyewe huiita picantería, kila siku ina supu yake. Jumatatu ni chaque, ya matumbo na viazi na majani ya mnanaa. Jumanne ni chairo, ya nyama ya kondoo. Ijumaa ni kamba wa mtoni, na siku nyingine nazo zina zao. Hakuna anayeyaandika hayo ukutani. Mtu akipoteza hesabu ya siku, ananusa hewa ya uchochoroni anajua yuko wapi katika wiki. Kwa hiyo anayepakua chaque Jumanne anatangaza mbele za watu kwamba anawalisha kiporo. Mengine yote yanasameheka pale: chumvi kuzidi, kuchelewa, mume mlevi. Hilo halisameheki.

Delfina alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane asiye na mtoto, mwembamba, mwenye tabia ya kushika kijiko kama kalamu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msahihishaji wa gazeti moja la mjini. Kazi yake ilikuwa kukamata makosa ya wengine kabla hayajapigwa chapa. Gazeti lilipogundua kwamba makosa hayafukuzi wasomaji, lilimfukuza yeye. Mchana akawa hana pa kwenda, basi akawa anakwenda kula. Alitembea kwa miguu hadi Cayma, hadi Sachaca, hadi Characato, akitazama wapi kitambaa chekundu kimening'inizwa juu ya mlango, ishara kwamba pombe ya mahindi imeiva, na hapo anaingia. Jioni alipita kwa shoga yake, Zoraida Linares, aliyekuwa na chumba cha kompyuta za kukodisha, akamsimulia kila kijiko.

Zoraida alivumilia miezi minne.

"Sikiliza, shoga. Kompyuta nane ziko wazi na mdomo wako umejaa. Kaa pale, iambie mashine. Mimi nina wateja."

"Wateja wako wapi?"

"Wangekuwepo ungewapa nafasi."

Hivyo ndivyo blogu ya Supu ya Leo ilivyozaliwa, mwaka 2008. Delfina alijiwekea masharti mawili. Hataandika asichokula, na hataonyesha sura yake, ili asije mpishi akamjua na kumchagulia nyama nzuri. Masharti hayo aliyashika kwa ukali wa mtu aliyezoea kugombania koma.

Kisha watu wakaanza kuhama, naye akahama nao. Kwanza walikwenda kwenye mtandao wa buluu, ambako aya zake kumi ilibidi ziwe tatu. Kutoka hapo wakaenda kwenye mtandao wa picha, ambako aya tatu zikawa mstari mmoja chini ya bakuli. Mwisho wakakimbilia video fupi, ambako hata mstari mmoja ulionekana ni usumbufu. Zoraida naye alihama kwa namna yake: kompyuta ziliuzwa kama vyuma chakavu, yeye akawa fundi simu, na chumba kilekile kikajaa vioo vilivyopasuka. Kila safari Delfina alibeba mizigo yake yote, makala mia tatu na arobaini, na kila safari kuna kilichodondoka njiani: alama za juu ya herufi, maoni ya wasomaji waliokwisha kufa, tarehe. Lakini makala zilibaki. Zaidi ya mikahawa sitini aliyoiandika ilikuwa imefungwa, na watoto wa wapishi wale hawakuwa na kumbukumbu nyingine ya jiko la mama yao. Walimwandikia kutoka Milano, kutoka Santiago. Walitaka kusoma tena jinsi bibi yao alivyokuwa akisaga pilipili juu ya jiwe na kutukana kwa sauti ya chini.

Makosa yake mwenyewe yalikuwa machache. Zito lilikuwa moja tu.

Mwaka 2012, Jumatatu, saa saba mchana, Delfina alikula kwa Melchora Benavente. Akaandika saa mbili usiku. Ukurasa wa siku zile ulikaa kwenye mtambo wa ng'ambo ambako saa iko mbele ya yetu, na chochote kilichobandikwa baada ya saa moja jioni kilipigwa muhuri wa kesho yake. Delfina alilijua hilo; kila jioni alirudisha tarehe nyuma kwa mkono. Jioni ile umeme ulikatika dakika ileile aliyobonyeza, akaenda zake kulala bila kuirudisha. Makala ikasimama hadharani na muhuri wake: Jumanne. Na ndani yake, kwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, alikuwa anaisifu chaque.

"Chaque Jumanne? Mama huyu anatulisha kiporo!" aliandika wa kwanza.

"Matumbo ya jana yana ladha ya jana," akaandika wa pili.

"Msimchokoze, Jumamosi atawapa ya mwaka jana."

Alipokuja kugundua, siku mbili baadaye, watu walikuwa wameinakili na kuipeleka mtandao wa buluu pamoja na tarehe yake. Alirekebisha tarehe upande wake. Kisha akaangalia idadi ya wasomaji. Hakuwahi kuvuka mia nne. Siku ile walikuwa elfu kumi na wanaongezeka. Ilimpasa aandike mistari miwili tu: nilikula Jumatatu, kosa ni langu. Alisema ataiandika kesho. Kesho wakawa elfu kumi na tano. Wiki ikapita, kisha mwezi, na jambo lisilosemwa kwa mwezi likaonekana halina haja ya kusemwa. Kabla ya mwaka kwisha, kitambaa chekundu cha Melchora hakikuonekana tena mlangoni. Alipofariki, Delfina alisikia tangazo redioni. Hakwenda mazikoni. Aliifuta makala ile usiku huohuo, akadhani kwa kuifuta ameimaliza.

Ile video ya Agosti, basi, haikuwa na mahali pa kutokea.

Mwezi uliotangulia Zoraida alimletea programu mpya. Unaipa makala zako za zamani, picha, na dakika kumi za sauti yako. Kuanzia hapo inazungumza yenyewe, kila siku saa sita mchana inatoa video moja. "Wewe kazi yako kula," Zoraida alisema. Delfina alisoma kwa sauti barua za wasomaji mpaka dakika kumi zikatimia. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa sauti yake hasa, pamoja na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa maneno. Ila haikuvuta pumzi. Ilisema sentensi ndefu, ikaingia nyingine, na hakuna mahali ilipohema.

Watu waliipenda. Wafuasi walifika elfu themanini. Na Jumanne ile ikatoka: "Leo Jumanne, niko kwa Melchora Benavente, Tiabaya. Nimekula chaque." Bakuli la udongo, meza iliyofifia kwa kusuguliwa, mvuke unapanda. Delfina hakuwahi kupiga picha ile.

Zoraida alipekua programu yote, miwani imekaa puani.

"Haimo humu. Mimi sikuiweka, na wewe hukunipa."

"Ifute."

"Nimefuta. Tazama, haipo."

Jumanne iliyofuata, saa sita, ilikuwepo. Chini yake watu ishirini na kitu walisema wamekwenda na wamekula. Wengine waliweka picha: meza ndefu, mwanga mweupe wa mchana, mikono imeshika vijiko. Hakuna aliyepiga picha ya uso wa mtu.

"Watu waongo hao," Zoraida alisema. "Mtandaoni kila mtu anakula asichokula. Mwaka jana jirani yangu alikuwa Paris wiki nzima, na mimi namsikia anaoga."

Lakini mmoja wao alikuwa na jina na anwani. Abelardo Pinto, aliyekuwa mtu wa kwanza kuandika, aliuza miwani kwenye kibanda nje ya soko la San Camilo. Wiki ya tatu Delfina alimwendea, akijifanya anatafuta miwani ya kusomea. Kisha akaona aibu kumdanganya, akamwambia ni yeye mwenye Supu ya Leo.

"Doña! Nilidhani wewe ni kijana." Alimpa kiti. "Chaque ile, mimi sijala kitu kama kile tangu nioe."

"Mwenyewe ulimwona?"

"Nisimwone vipi, ndiye aliyenipakulia? Mama mnene, aproni nyeupe. Kidole hiki hakina ukucha."

Delfina alikikumbuka kidole hicho. Jiwe la kusagia lilikuwa limekula ukucha wake zamani, Melchora akiwa msichana.

"Alisema nini?"

"Hana maneno. Aliniuliza leo siku gani. Nikamwambia Jumanne, mama. Akaguna, akasema, 'Hata wewe.' Akarudi jikoni kwake. Sisi tukala." Abelardo alichukua miwani moja akaanza kuifuta vioo, ingawa vilikuwa safi. "Sasa nami nikuulize, doña, ila usinicheke. Wewe Jumanne yako huwa unaipata?"

"Kuipata vipi?"

"Mimi nalala Jumatatu, naamka Jumatano. Wiki ya pili hii. Mke wangu anasema Jumanne nilikuwepo, nilifungua kibanda, nilikula, nikiulizwa najibu. 'Ulikuwa mpole,' anasema. Yaani mwanamke huyu anaipenda hiyo Jumanne yangu kuliko siku zangu zote." Alicheka, na macho yake hayakushiriki. "Ni nani basi anayekaa pale mezani kwangu?"

Delfina alifungua pochi yake. Alinunua miwani asiyoihitaji, akaenda moja kwa moja kwa Zoraida na kumweleza yote: umeme uliokatika, wale elfu kumi, ile kesho isiyofika. Zoraida aliweka bisibisi chini.

"Miaka kumi na miwili umenificha mimi?"

"Ungeniambia niandike ukweli."

"Ningekuambia uandike ukweli!"

"Ndiyo maana nikakuficha."

Jumanne ya nne aliondoka mapema, peke yake. Alipita kati ya mashamba ya vitunguu ya Tiabaya saa sita kamili, jua liko utosini, hakuna kivuli hata cha ukuta. Mji wetu umejengwa kwa jiwe jeupe la volkano, na saa kama hiyo weupe wake unaumiza macho kiasi kwamba mtu hutembea ameinamisha kichwa. Kwa hiyo aliona kitambaa kwanza kwenye vumbi, kivuli pekee njiani, chekundu, kinachocheza karibu na miguu yake, kabla ya kukiona juu ya mlango.

Ndani meza ilijaa. Watu wapatao ishirini walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye mabenchi na wanakula. Hakuna aliyezungumza. Picantería saa hiyo huwa kelele tupu: mtu anaimba, mtu anagombana kuhusu mpira, mgeni anasukumiwa glasi na mgeni mwenzake. Hapa vilisikika vijiko tu, na vyote viligusa bakuli kwa wakati mmoja.

Melchora alitoka jikoni akijifuta mikono. Moshi ulitoka naye ukakaa mabegani mwake, haukutawanyika. Alikuwa vilevile, hajazidi hata mwaka.

"Leo siku gani, binti?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Delfina, maana Jumanne ilikuwa kweli. Aliiona kwenye simu yake, aliiona kwenye gazeti asubuhi. Vijiko vyote vilisimama hewani.

"Jumatatu," alisema. "Ulipika Jumatatu, mama. Nilikula Jumatatu. Muhuri ulikosea, nikauona, na nikaunyamazia kwa sababu watu walikuwa wananisoma."

Melchora alimaliza kujifuta mikono. Halafu akasogeza bakuli mezani kwa kile kidole kisicho na ukucha.

"Kaa. Itapoa."

Haikupoa. Delfina alikula mpaka chini na kijiko cha mwisho kilimuunguza kama cha kwanza. Ilikuwa nzuri, yenye mnanaa mwingi, pilipili ikija nyuma taratibu. Alipoinua macho, Melchora alikuwa bado amesimama.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Hawa je?"

Delfina aliwaangalia wale watu. Vijiko vilikuwa vimerudi kazini. Hakuna aliyekuwa amegeuka.

"Nifanye nini?"

"Mwenye wasomaji ni wewe."

Basi Delfina akatoa simu, akaigeuza imrekodi yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na sita. Alizungumza dakika mbili na nusu. Alitaja jina lake, jina la Melchora, siku, mwaka na kosa. Sauti yake ilikatika mara mbili, akaiacha hivyohivyo. Akabandika. Alipoishusha simu alikuwa amekaa juu ya jiwe, katikati ya kuta nne zisizo na paa, na mipungate ya miiba imeota mahali palipokuwa na jiko. Midomo ilikuwa inamwasha kwa pilipili.

Kufika Ijumaa, video ile ilikuwa imetazamwa na watu arobaini na mmoja. Wawili walitoa maoni. Mmoja aliuliza supu iko wapi. Mwingine aliuliza mama huyu ni nani, na kwa nini anatumia ukurasa wa Supu ya Leo kutafuta umaarufu. Ile ya Melchora ilikuwa inakaribia laki sita.

"Ndivyo mashine ilivyo," Zoraida alisema. "Maneno mengi, uso wa mtu mzima, hakuna mvuke. Haiwapelekei watu vitu kama hivyo, shoga. Hata wakivitaka."

"Na Jumanne ijayo?"

"Itatoka tena. Nimejaribu kila kitu ninachokijua, nimewaandikia wenye mtandao, wananijibu asante kwa maoni yako." Alichukua bisibisi, akairudisha. "Iko njia moja. Ukifunga ukurasa wote, nayo inaondoka, maana itakosa pa kukaa. Lakini vyote vinaondoka."

"Vyote."

"Tunaweza kuzihifadhi kwanza kwenye kompyuta hii. Makala moja moja, hata zikichukua wiki."

Delfina alizungusha kioo cha simu kilichopasuka juu ya meza.

"Ile niliifuta miaka tisa iliyopita," alisema. "Haikuhifadhiwa popote, na imerudi ina mvuke. Hatujui imetokea kwenye makala ipi. Tukibakiza moja, tumebakiza mlango."

"Na wale wa Milano? Wale wa bibi yao?"

"Najua."

"Mimi nasema tu."

"Najua, Zoraida."

Jumamosi na Jumapili alizisoma zote, moja baada ya nyingine, bila kutoka nyumbani. Aliwasikia tena wanawake waliosaga na kutukana, wanaume waliolala mezani, mvua iliyovuja darini huko Characato siku ya supu ya timpo. Mikahawa sitini na kitu ilikuwa imekufa mara moja na kubaki humo. Alipojaribu kukadiria ni Jumanne za watu wangapi zilizokwisha kuchukuliwa, hakuweza. Alimwona tu mke wa Abelardo akimwekea chakula mtu mpole mwenye sura ya mumewe. Jumatatu saa sita mchana alibonyeza. Mtandao ukamuuliza kama ana hakika. Ukamuuliza tena kwa maneno mengine. Kisha kukawa na ukurasa mweupe.

Kesho yake walikwenda Tiabaya wote wawili. Zoraida alikuwa amevaa viatu vya kanisani na alilalamika njia nzima.

"Umeona sasa?" alisema walipofika. "Kuta na mipungate. Tumetembea saa nzima kuja kutazama mipungate. Hebu twende tukale chairo kama watu."

Ilikuwa kweli. Kuta zilikuwa fupi kiasi kwamba mtu aliyesimama njiani aliweza kuona kila pembe ya ndani, hadi mawe ya jiko la zamani. Delfina alihisi kifua kikimlegea kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Alikuwa bado anahema kwa kupanda kilima cha kufikia pale.

"Samahani, mama," sauti ilisema nyuma yao. "Kwa Melchora ni hapa?"

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la ofisi, amekuja na mkewe, na simu iko mkononi. Delfina alimuuliza ameipata wapi habari hiyo. Akamwonyesha. Ukurasa ulikuwa wa mtu mwingine, wenye jina jingine na picha ya mtu anayecheka. Bakuli lilikuwa lilelile. "Leo Jumanne," sauti ya Delfina mwenyewe ilisema, sentensi ikiingia sentensi bila kituo, "niko kwa Melchora Benavente, Tiabaya."

"Wameinakili," Zoraida alinong'ona. "Mungu wangu, wameinakili."

"Nisikilize, bwana," Delfina alisema haraka. "Melchora alipika Jumatatu. Tarehe ilikosewa, na aliyekosea ni mimi. Mama yule atakuuliza leo siku gani. Usimwambie Jumanne."

Mwanamume alimwinamia, sikio mbele.

"Wewe! Sauti yako inafanana kabisa na ya huyu wa kwenye video."

"Ni mimi. Delfina Carpio. Supu ya Leo ilikuwa yangu."

Alimtazama mkewe, wote wakacheka, kicheko cha watu waliotoka mapumzikoni na hawana ubaya na mtu.

"Mama, unajua kuiga, hongera. Umekaribia sana. Ila yule hahemi hivyo."

Akampita kwa heshima, akainama kidogo pale palipokuwa na mlango, kama mtu anayekwepa kitambaa kilichoning'inia, akamshika mkewe mkono, wakaingia. Hawakuonekana upande wa ndani. Kulikuwa na mawe tu, na jua.

Zoraida alikuwa amemng'ang'ania mwenzake mkono kwa kucha zote. "Wameingia wapi? Delfina. Wale watu wameingia wapi?"

Chini kabisa, kwenye kona ya shamba la vitunguu, wengine watatu walikuwa wanapanda, simu zimeinuliwa usawa wa macho. Delfina alijinasua taratibu, akafunga vizuri skafu yake, akaanza kuteremka kuwalaki kabla hawajauona ukuta.